Kelele Bondeni: Kipimo kimoja kwa baa, mashine na msikiti

Bondeni ni nchi tambarare, na sauti katika nchi tambarare husafiri bila kizuizi. Mashine ya kukoboa mpunga ikianza kunguruma upande mmoja wa mji wa Kyela, walio upande wa pili huisikia. Msimu wa mavuno mashine hizo hukesha. Ziongezee muziki wa baa, vibanda vya video, pikipiki zilizoondolewa vizuia mlio, malori yanayopanga foleni kuelekea mpakani Kasumulu, matarumbeta ya msibani, mikesha ya maombi, na vipaza sauti vya misikiti, ukiwamo msikiti wetu. Nyumba zetu, kwa sababu ya joto la ziwani, hujengwa na madirisha ya wavu yanayopitisha hewa, na kinachopitisha hewa hupitisha pia sauti.

Tunaandika makala haya kwa sababu jambo hili limefika katika meza ya kamati yetu. Tumealikwa, pamoja na wachungaji, wenye mashine na wenye baa, katika kikao cha kujadili kelele katika eneo letu. Habari zilipoenea, waumini waligawanyika. Wapo waliosema kwamba sisi Waislamu wa Bondeni ni wachache, na kwamba mazungumzo haya yatamalizikia kwenye kuizima adhana. Wapo waliosema tusiende kabisa. Na wapo akina mama waliotuambia, kwa upole lakini bila kuficha, kwamba wanaolala jirani na baa wameomba kikao kama hiki kwa miaka mingi, na kwamba kukisusia ni kuwaacha peke yao.

Tumeona kwamba hofu nyingi zinatokana na kutojua kinachopimwa, anayepima, na sheria inasema nini. Basi ndugu msomaji, tuyatazame hayo moja baada ya jingine.

Sheria inaanzia wapi

Msingi wa jambo hili katika nchi yetu ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Sheria hiyo imeihesabu kelele kuwa uchafuzi, sawa na moshi au maji machafu, na ikaagiza viwekwe viwango vyake. Viwango hivyo vilifuata katika kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015. Msimamizi mkuu ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, ambalo kwa mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini lina ofisi ya kanda jijini Mbeya.

Lakini Mbeya si jirani wa kumgongea mlango saa saba za usiku. Ndiyo maana sheria hiyo hiyo inataka kila halmashauri iwe na afisa wa usimamizi wa mazingira. Na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya, inaipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, ambazo huanza kutumika baada ya kuidhinishwa na waziri mwenye dhamana. Kwa hiyo halmashauri inayo mikono miwili: mkono wa kusimamia kanuni za taifa, na mkono wa kutunga masharti yanayolingana na mazingira yake. Inao hata mkono wa tatu ambao watu huusahau, nao ni leseni. Baa hufunguliwa na kufungwa kwa saa zilizowekwa, na mashine haijengwi mahali pasiporuhusiwa kwa shughuli hiyo. Afisa anayesimamia leseni vizuri huondoa nusu ya kelele kabla ya kipimo chochote kutolewa mfukoni.

Viwango vya kelele, popote duniani, hujengwa juu ya maswali mawili: ni mahali gani, na ni saa ngapi? Eneo la hospitali si sawa na eneo la viwanda, na mchana si sawa na usiku. Majirani zetu wanatupa mfano ulio wazi. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 50 nje ya nyumba za makazi wakati wa mchana na 35 usiku, na usiku kwao unaanza saa mbili jioni na kuisha saa kumi na mbili asubuhi. Eneo la biashara limewekewa 60 mchana. Kanuni za Uganda za mwaka 2003 nazo zinaweka 50 mchana na 35 usiku kwa makazi, ila usiku wao unaanza saa nne.

Lipo jambo katika kanuni za Kenya ambalo waumini wetu walishangaa kulisikia. Nyumba za ibada zimewekwa karibu na hospitali katika orodha ya mahali pa utulivu: desibeli 40 mchana na 35 usiku. Maana yake ni kwamba sheria za kelele hazikutungwa ili kuubana msikiti peke yake. Zinaulinda pia. Imamu anayesimama kuswalisha Isha huku ukuta wa mihrabu ukitetemeka kwa ngoma za baa ya jirani anayo haki ya kulalamika.

Desibeli ni nini

Neno desibeli linasikika kama la wataalamu, lakini kanuni zake chache zinaweza kufahamika na yeyote aliyewahi kutumia mizani ya dukani, ilimradi akubali kwamba mizani hii ina hesabu yake. Katika mizani ya kawaida, kilo 80 na kilo 80 ni kilo 160. Katika desibeli sivyo. Mashine moja ikitoa desibeli 80, na ya pili inayolingana nayo ikawashwa pembeni, jumla ni 83. Kila ongezeko la desibeli 3 ni nishati ya sauti iliyozidishwa mara mbili, na kila ongezeko la 10 ni nishati iliyozidishwa mara kumi. Sikio la mwanadamu hulihisi ongezeko hilo la 10 kama sauti iliyokuwa kubwa takriban maradufu. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba sauti imezidi kiwango kwa desibeli 20 tu, usimkubalie hilo neno tu. Ni nishati mara mia moja.

Chombo kinachotumika ni kipima sauti, chenye kinasa sauti kidogo kilichofunikwa kwa sponji ili upepo usihesabiwe kuwa kelele. Kabla ya kupima, afisa hukihakiki kwa kifaa kinachotoa mlio wa desibeli unaojulikana, kwa kawaida 94, kama vile mwenye mizani anavyoweka jiwe lililopigwa muhuri kuona kama mizani yake ni ya kweli. Kisha hukisimamisha juu ya miguu mitatu, kimo cha zaidi kidogo ya mita moja, mbali na kuta zinazorudisha mwangwi. Hupima mahali anapokaa mlalamikaji, si mdomoni mwa spika.

Afisa mwangalifu hupima mara mbili: kelele ikiwapo, na kelele ikizimwa. Huku kwetu kipimo hiki cha pili kina uzito wa pekee. Katika mvua za masika, vyura wa mashamba ya mpunga na maji yanayopiga mabati hutoa sauti kubwa kiasi kwamba kipima sauti kinaweza kuonyesha kiwango kimevunjwa ilhali hakuna binadamu aliyefanya lolote. Vivyo hivyo, usiku tulivu wenye hewa baridi karibu na ardhi, sauti hupinda kurudi chini na kufika mbali kuliko mchana, hasa juu ya maji. Ndiyo sababu muziki uliopigwa ufukweni husikika vijiji vya mbele ya ghuba. Kipimo kisichoandikwa tarehe, saa, hali ya hewa na mahali kilipochukuliwa hakiwezi kumtia mtu hatiani kwa haki.

Tena, kelele haikai mahali pamoja, hupanda na kushuka. Kwa hiyo chombo hukokotoa wastani wa nishati yote katika muda uliowekwa, na huandika pia kilele cha juu kabisa. Na kwa kuwa sikio halisikii milio mizito kama linavyosikia milio ya kati, chombo hupunguza uzito wa milio mizito ili kuliiga sikio. Hapa pana upungufu unaofaa kujulikana. Besi ya muziki, ile inayotikisa vioo na vifua, huhesabiwa kidogo kuliko inavyowasumbua watu. Mama anayesema kwamba anaihisi ngoma kifuani hadanganyi, hata kama namba iliyo kwenye kioo ni ndogo.

Kuhusu simu zetu za mkononi, zipo programu zinazoonyesha desibeli. Tumezijaribu. Simu mbili zilizowekwa juu ya meza moja hazikukubaliana. Zinafaa kumpa mtu picha ya awali, lakini hazifai kuwa ushahidi.

Kwa nini usiku umewekewa masharti makali

Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya kelele katika makazi. Lilisema chumba cha kulala kinahitaji sauti isiyozidi takriban desibeli 30 ili usingizi usivurugike, na nje ya dirisha lililo wazi isizidi 45. Darasani lilipendekeza 35, ili mtoto wa nyuma amsikie mwalimu. Usingizi unaokatwa kila usiku hauishii kwenye uchovu. Mwili unaoshtuliwa huinua mapigo ya moyo na shinikizo la damu hata kama mwenyewe hakumbuki kuamka, na utafiti wa miaka mingi umehusisha kelele za kudumu na maradhi ya moyo. Wanaoumia zaidi ni wazee, wagonjwa, wajawazito na watoto wachanga, yaani wale wasioweza kuhama wala kubishana.

Adhana katika mizani

Sasa tuje kwenye swali ambalo wengi walituuliza kwa sauti ya chini. Kipimo hicho kikiletwa msikitini, adhana itasalimika?

Tufanye hesabu bila woga. Chukulia spika ya nje inayotoa desibeli 100 ukisimama mita moja mbele yake. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kwa desibeli 6. Mita 2 itakuwa 94, mita 4 ni 88, mita 8 ni 82, mita 16 ni 76, na mita 32 ni 70. Nyumba ya jirani wa mita 32, basi, inapokea 70. Adhana huchukua kama dakika tatu. Dakika tatu za desibeli 70 zikigawanywa katika saa nzima hutoa wastani wa 57. Muziki wa baa unaofika dirishani kwa kiwango hicho hicho cha 70 na kuendelea saa nzima hutoa wastani wa 70. Tofauti hiyo ya 13 ni nishati mara ishirini. Asemaye kwamba adhana na disko la usiku kucha ni kitu kimoja hakupima.

Lakini mizani ya haki hupima pande zote. Mawaidha ya dakika arobaini yakirushwa kwa spika ile ile ya nje hutoa wastani wa 68, karibu sawa na baa. Na Alfajiri, ambayo huku Bondeni huingia baada ya saa kumi na moja na kabla ya saa kumi na mbili, iko ndani ya usiku kwa kanuni za majirani zetu wote wawili. Isitoshe, aliyelala huamshwa na kilele, haamshwi na wastani. Kwa hiyo urefu wa adhana unaitetea, lakini haujibu kila kitu. Ukali wa spika na mwelekeo wake bado viko mikononi mwetu.

Dini yetu haikutuacha bila mwongozo. Sura Luqman, aya ya 19, inaagiza mtu apunguze sauti yake. Sura Al-Israa, aya ya 110, inataka njia ya kati katika sauti ya swala. Na katika Sunan Abi Daud imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, akiwa katika itikafu aliwasikia watu wakisoma Qur'ani kwa sauti kubwa, akawakataza wasiudhiane kwa visomo vyao. Ikiwa hayo yalisemwa kwa wasomaji wa Qur'ani waliokuwa msikitini pamoja, jirani aliye kitandani kwake ana haki zaidi.

Nchi za Waislamu wenzetu zimelishughulikia jambo hili bila kuiona adhana imedhalilishwa. Mwezi Mei 2021 Wizara ya Mambo ya Kiislamu ya Saudi Arabia iliagiza vipaza sauti vya nje vitumike kwa adhana na ikama tu, na visizidi theluthi moja ya uwezo wa chombo. Mwaka 2022 Wizara ya Dini ya Indonesia ilitoa waraka unaotenganisha spika za ndani na za nje, na kuweka ukomo wa desibeli 100. Maamuzi hayo yalitolewa na mamlaka za dini zenyewe.

Mahali ambapo waumini na majirani hawakukaa mapema, dola ilikuja na kufuli. Mwaka 2016 jimbo la Lagos, Nigeria, lilifunga makanisa 70 na misikiti 20 kwa kelele, pamoja na hoteli na kumbi. Mwaka 2018 mjini Kigali, wilaya ya Nyarugenge ilizuia vipaza sauti vya adhana, katika kipindi ambacho mamia ya makanisa yalifungwa kwa sababu za usalama wa majengo na kelele. Hapo hakukuwa tena na nafasi ya kuzungumzia theluthi wala mwelekeo wa spika. Hofu ya ndugu zetu si ya bure, lakini dawa yake ni kufika kikaoni tukiwa na hesabu mkononi.

Jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu asiye Mwislamu, aliwahi kuja ofisini kwetu. Alisema, "Mashekhe, adhana yenu ya asubuhi ndiyo saa yangu, sina neno nayo. Ombi langu ni darasa la usiku wa Alhamisi. Mama watoto anaumwa, na usingizi humjia mapema." Mwenyekiti wetu alimjibu, "Mwalimu, umetuheshimu kwa kuja mwenyewe." Kamati ikaona ombi lake lina uzito, na darasa likawekwa kwenye spika za ndani. Waliokuja kusoma hawakupungua, maana aliyetoka nyumbani kwenda darasani hahitaji kulisikia akiwa barabarani.

Tunayoyapeleka kikaoni

Baada ya kushauriana, tumekubaliana kupeleka mambo matano.

Kwanza, kipimo kiwe kimoja kwa wote: baa, mashine, kanisa, msikiti, harusi na msiba. Hatutaomba upendeleo, na hatutakubali kubaguliwa.

Pili, halmashauri itenge fedha ya kununua kipima sauti kilichohakikiwa na kumfundisha afisa wa kukitumia. Bila chombo, malalamiko hubaki kuwa ushindani wa nani anajuana na nani. Anayelala jirani na mtu mkubwa hatapata usingizi hata sheria ikiwa imeandikwa kwa dhahabu.

Tatu, mashine za kukoboa zipewe saa maalumu za msimu. Tunafahamu kwamba mpunga haungoji na kwamba riziki za familia nyingi, zetu pia, zinapita katika mashine hizo. Kuwa na ukomo wa saa usiku, na kuta zinazozuia mlio upande wenye nyumba, ni jambo linalowezekana bila kumfilisi mtu. Mashine mpya zisiruhusiwe karibu na shule, zahanati na makazi.

Nne, shughuli za familia zitolewe kibali chenye saa ya kufunga. Msiba kwa watu wa Bondeni ni jambo zito, na ngoma na matarumbeta ni sehemu ya heshima kwa marehemu kwa wengi wa majirani zetu. Hatutasimama kuyapiga vita. Kibali kikitaja saa, na jirani akajulishwa siku moja kabla, uvumilivu hupatikana.

Tano, onyo litangulie adhabu. Mlalamikaji aanze na jirani yake, kisha mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji wa kata na afisa mazingira wa halmashauri, na mwisho NEMC. Kila hatua iandikwe, ili asiyesikia asije akasema hakuambiwa.

Kwa upande wetu, kamati imepitisha kwamba spika za nje zitatumika kwa adhana na ikama, na mengine yote yatakuwa ndani. Pembe ya spika iliyoelekea dirisha la jirani wa karibu itageuzwa na kuinuliwa, kwa kuwa pembe hutupa sauti mbele kuliko nyuma. Na siku afisa atakapokuja na chombo chake kupima baa, tutamwomba aanze na msikiti, apime adhana ya Alfajiri kutoka dirishani kwa mwalimu, aandike namba, na namba hiyo ibandikwe ubaoni kwetu ili kila mwenye kuswali aione.

Tunawaomba waumini wa Ipinda, Matema, Itungi na Kasumulu wafanye kikao kama hiki katika misikiti yao kabla ya kuitwa. Nyumbani nako kuna wajibu: redio ya kijana, pikipiki inayopashwa moto alfajiri chini ya dirisha la bibi, jenereta ya duka. Jirani hachagui ni kelele ya nani imemkosesha usingizi.

Wabillahi tawfiq.